Hotuba ya Kufungua Mlango wa Skelderby

(Imenukuliwa na karani wa Baraza la Mji wa Skelderby, Yorkshire, Jumatano ya pili ya Novemba, kwenye maegesho ya magari ya Mtaa wa Wafumaji. Hali ya hewa: mvua, ile ya siku zote.)

Mheshimiwa Meya pamoja na mkufu wako wa umeya. Mheshimiwa Naibu Meya, ambaye mkufu wake bado uko kwa fundi. Mwakilishi wa Mfalme katika kaunti yetu, ambaye ametuma udhuru. Mwakilishi wa Mwakilishi huyo, ambaye naye ametuma udhuru, ila kwa mwandiko mzuri zaidi. Kasisi wa Kanisa la Mtakatifu Oswald. Imamu wa Msikiti wa Mtaa wa Kiwanda. Mwenyekiti wa Bendi ya Tarumbeta. Mwenyekiti wa Kamati ya Vikapu vya Maua vya Kuning'iniza. Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Viti, na hapa niombe radhi kwamba viti havipo. Wadau wa jamii, wadau wa urithi, wadau wa wadau. Mabibi na mabwana mliopanga foleni: itifaki imezingatiwa.

(Makofi ya watu watatu. Mmoja wao alikuwa anajipasha mikono moto.)

Asanteni, asanteni, kaeni tu. Aa, samahani. Endeleeni kusimama.

Kwa asiyenifahamu, ingawa kwa kweli sijui atakuwa ametokea wapi mtu huyo, mimi ni Diwani Desmond Pugh-Ackroyd, Msimamizi Mkuu wa Jamii, Urithi, Tunu za Kibinadamu na Maegesho, nyadhifa nne ambazo nimezibeba kwa mabega haya mawili kwa miaka kumi na mmoja bila kulalamika hadharani, na leo hii nasimama mbele yenu, kwa unyenyekevu ambao wenzangu barazani wameshausifu katika kumbukumbu za vikao vitatu tofauti, ili kuufungua rasmi Mlango wa Kituo Jumuishi, Shirikishi na Endelevu cha Urithi na Tunu za Kibinadamu cha Skelderby.

(Sauti kutoka nambari tano kwenye foleni, Bwana Iqbal Mirza, dereva wa basi mstaafu, mwenye sinia lililofunikwa: "Mlango tunauona, Diwani. Hicho kituo kiko wapi? Sambusa zinapoa.")

Swali zuri sana, Bwana Mirza, na nitalijibu katika muktadha wake mpana. Mahali hapa tuliposimama, ndugu zangu, palikuwa na Ukumbi wa Wafumaji, uliojengwa na wafumaji wenyewe mwaka 1887 kwa jasho lao, na ndani yake, kila Jumatano saa sita mchana, Bi Edna Thackray, aliyekuwa mpishi wa shule zetu, alikuwa akiwapikia chakula wazee wanaoishi peke yao, ili japo siku moja kwa wiki mtu ale huku anatazamana na mtu na si na televisheni. Huo ndio urithi, hiyo ndiyo jamii. Na ni kwa kuuthamini urithi huo ndipo ofisi yangu, kufuatia upembuzi yakinifu na upembuzi wa upembuzi wenyewe, ilipoufunga Ukumbi kwa muda, majira manne ya baridi yaliyopita, kwa ajili ya ukarabati. Na ili ufungaji huo wa muda uwe endelevu, tukaubomoa.

(Minong'ono. Hakuna aliyepaza sauti. Mtu wa nambari kumi na tisa alisema "lo," akaomba radhi.)

Lakini hatukubomoa ovyo! Wataalamu wa urithi walitujulisha kwa barua kwamba mlango mkuu, mwaloni mtupu, kitasa cha shaba, ni mali iliyolindwa na haipaswi kuguswa, na sisi, kama baraza linalofuata sheria, hatukuugusa. Tuligusa kila kitu kingine. Ndiyo maana leo mnauona umesimama kwenye fremu yake katikati ya lami, wima, mkavu upande mmoja, na niwaambieni kwa fahari kwamba ni miji michache sana katika nchi hii ambayo imehifadhi mlango wake kwa asilimia mia moja.

(Makofi ya Kamati ya Vikapu vya Maua, kwa heshima.)

Na hapa naomba niwasifu ninyi wananchi, kwa sababu nilibandika kwenye mlango huu tangazo, nililoliandika kwa mkono wangu, lisemalo: Huduma zitarejea hivi punde. Tafadhali pangeni foleni hapa. Ninyi mkapanga! Jumatano ile, na iliyofuata, na kila Jumatano kwa miaka minne, saa sita kamili, watu ishirini na sita, mvua isimame isisimame, mmesimama mbele ya mlango ambao nyuma yake mnaona magari, na hakuna hata mmoja wenu aliyethubutu kuuzunguka. Kuna bwana mmoja mkaguzi alitujia kutoka kusini. Alifika, akautazama mlango, akapita pembeni hatua mbili, akatokea upande wa pili. Mliguna, ndugu zangu. Mliguna wote kwa pamoja, nami nikiwa dirishani kwangu niliisikia ile sauti, na yule bwana aligeuka mwekundu kama sanduku la barua la posta yetu, akarudi akaenda nyuma kabisa, akasimama nambari ishirini na saba mpaka jioni. Hizo ndizo tunu!

(Makofi ya dhati, ya kwanza leo.)

Sasa twende kwenye takwimu, maana maendeleo bila takwimu ni maoni. Watu ishirini na sita, mara Jumatano hamsini na mbili, mara miaka minne, ni mahudhurio elfu tano mia nne na nane, idadi inayoupita Ukumbi wa zamani kwa kiwango ambacho mashine yangu ya hesabu imekataa kukionyesha. Tulipofanya utafiti wa kuridhika kwa wateja, asilimia tisini na sita walijibu "si mbaya," jambo ambalo kwa mtu wa Yorkshire ni sawa na kububujikwa na machozi ya furaha, na asilimia nne iliyobaki ni Bi Edna.

(Bi Edna Thackray, miaka themanini na sita, nambari moja kwenye foleni, amekaa juu ya kitembezi chake chenye magurudumu na sufuria ya pai mapajani: "Desmond, mpenzi, nimekupakulia viazi tangu una miaka mitano. Hukuwa unamaliza wakati ule, na leo pia humalizi. Niambie kitu kimoja tu. Tutapata paa kabla ya theluji?" Kicheko.)

Nalipokea swali la Bi Edna na kuliweka mahali salama. Kuhusu paa kama dhana, niseme kwamba tunaliangalia kwa mapana yake. Lakini kabla ya hapo, kwa kuwa ratiba inanibana na Bendi inalowa, naomba foleni isogee mbele kidogo. Naona pengo pale, kati ya Bi Edna na yule mama mwenye koti la kijani. Sogeeni, mzibe pengo. Sogeeni tafadhali.

(Hakuna aliyesogea.)

Jamani, nafasi ile ni tupu.

(Bi Edna: "Ile si tupu. Ni ya Harold Sugden."

Diwani: "Sawa, na Bwana Sugden yuko wapi?"

Bi Edna: "Amefariki, mpenzi. Februari. Alishikwa na kifua hapo hapo unapopaona."

Bwana Mirza: "Hakuiacha nafasi yake kwa hiari. Kwa hiyo bado ni yake.")

Aa. Natoa pole. Natoa pole kwa niaba ya Baraza na vitengo vyake vyote. Nitaagiza... karani, andika, nitaagiza kibao cha kumbukumbu. Tuendelee.

Kituo hiki, ndugu wananchi, kinasimama juu ya tunu sita za Skelderby, ambazo ni foleni, neno "samahani", chai, kutomwuliza mtu mambo yake, kumwuliza hali ya hewa badala yake, na ya sita bado iko kwenye kamati. Na ili kuzisimamia tunu hizo ipasavyo, ilibidi nijengewe ofisi, ile pale ng'ambo ya barabara, yenye madirisha mapana, zulia la sufu, jiko dogo na joto linalotoka sakafuni, ofisi ambayo nataka mjue kwamba ni ya kwenu, mlango wake uko wazi kwa kila mdau siku zote za kazi, nami nalisema hili mbele ya Meya na liandikwe.

(Limeandikwa.)

Sasa nakata utepe.

(Diwani alikabidhiwa mkasi mkubwa wa sherehe, ambao kwa kanuni za usalama umefanywa butu. Alijaribu kukata mara nne. Bi Edna alitoa mkasi wake wa kufumia kwenye mkoba, akaukata utepe yeye. Mlango ulifunguliwa. Nyuma yake lilionekana gari la Diwani, limeegeshwa kwenye nafasi iliyoandikwa jina lake. Foleni ilianza kuingia, mtu mmoja mmoja, na kila aliyepita alimwambia Diwani "asante" kwa kumshikia mlango. Diwani hakuweza kuuachia, kwa sababu kila alipotaka kuuachia alikuwepo mwingine anayekuja.)

Karibuni, karibuni. Usijali, mama. Karibu. Nikiwa nimeushika mlango huu, basi niruhusuni nitoe shukrani, maana mradi wa ukubwa huu... karibu, bwana... mradi wa ukubwa huu hauwi kazi ya mtu mmoja. Kwanza, namshukuru mchora ramani wa Kituo, ambaye ningemtaja kwa jina laiti tungemwajiri. Nawashukuru wafadhili, ambao barua yetu kwao ipo kwenye droo yangu, imeshabandikwa stempu, na haikutumwa tu kwa kuheshimu sera yetu ya kupunguza matumizi ya karatasi. Karibu, Bwana Mirza. Nawashukuru wajenzi, kwa miaka minne bila ajali hata moja kazini, rekodi ambayo ni vigumu kuivunja ukiwa na wajenzi. Naishukuru Kamati ya Mipango, ambayo ilipoombwa kibali cha maegesho haya, yenye nafasi arobaini na moja pamoja na yangu, ilikitoa siku hiyo hiyo bila kuuliza neno la jengo, kwa kuwa neno la jengo halikuwemo katika ombi, wala katika mpango, wala katika... asante, mama, hapana, asante wewe... wala katika fikra za mtu yeyote barazani tangu mwanzo. Na zaidi ya wote nawashukuru ninyi, ambao kwa kuja kila Jumatano mmetuthibitishia kitakwimu kwamba huduma ilikuwa inatolewa kikamilifu bila kituo, na hivyo kutuepusha na haja ya kukijenga!

(Bendi ilidhani hiyo ni ishara yao ya kuanza, ikapiga noti mbili, ikaacha.)

Kituo ni ninyi! Semeni nami: Kituo ni ninyi! Skelderby moja, mlango mmoja! Urithi wima!

(Ilibainika kwamba Bi Edna, ingawa ni nambari moja, alikuwa bado hajapita. Alisimama kizingitini na kuwapitisha wengine. Diwani alianza kuuachia mlango.)

(Bi Edna: "Usiuachie."

Diwani: "Wote wameshaingia, Bi Edna."

Bi Edna: "Harold bado. Ana goti bovu, anakwenda polepole. Shika mlango vizuri.")

(Diwani aliushika mlango. Hakuna aliyepita, kwa kadiri ya dakika moja. Mvua iliendelea. Diwani alivua kofia. Kisha Bi Edna akasema "haya," akapita yeye, akaweka sufuria juu ya boneti ya gari la Diwani, kwa kuwa boneti bado ilikuwa na uvuguvugu, na watu wakaanza kupanga sahani juu ya gari, pamoja na sinia la Bwana Mirza.)

Bi Edna, gari hilo... mabibi na mabwana, nina kikao saa nane, nami nitahitaji kutoka na gari hilo.

(Bi Edna: "Utatoka tukimaliza kula. Na sikiliza, Desmond. Jumatano ijayo, saa sita kamili, tuko ofisini kwako. Umesema mlango uko wazi, na huyu kijana wako wa kalamu ameliandika neno hilo."

Karani: "Nimeliandika." Karani ana miaka hamsini na nane.

Bwana Mirza: "Na tutapanga foleni, Diwani, usiogope. Kuanzia kwenye meza yako kurudi nyuma."

Bi Edna: "Harold tutamweka karibu na joto.")

Mimi... kwa kweli... suala hilo itabidi lipitie kwenye kamati, halafu mashauriano, halafu...

(Hapa ilisikika sauti ya foleni nzima ikiguna kwa pamoja. Diwani aligeuka mwekundu. Alizikunja karatasi za hotuba yake.)

Karibuni Jumatano.

(Makofi. Watu wote, na Bendi, na Meya akaushika mkufu wake usigonge.)

Asanteni. Asanteni sana. Basi namalizia hapa, na nisiseme uongo, Bi Edna, harufu ya hiyo pai ya nyama na viazi imenifikia huku. Naomba kipande kidogo tu. Nisimame wapi? Naona hapo nyuma yako pana nafasi.

(Bi Edna, bila kugeuka, akiwa anakata pai: "Hapo pana mtu. Nenda mwisho wa foleni, mpenzi."

Diwani alikwenda mwisho wa foleni. Alikuwa nambari ishirini na saba. Mvua haikusimama, na hotuba ikaishia hapo.)