Pawasaplai Inayokula Umeme Wowote

Mtaa mzima wa Kasingirima, Kigoma, ulikuwa na mtu mmoja tu aliyeudharau umeme: Telesphory, fundi redio. Wengine waliulaumu, wakaulilia. Yeye aliucheka!

Na umeme wenyewe ulikuwa wa kuchekwa. Jirani yake Bonaventura akianza kuchomelea mageti, taa za mtaa mzima zilisinzia kama wajumbe mkutanoni, na kinanda cha kwaya kikakata roho katikati ya pambio. Kinanda kilikuwa cha Mzee Leodgar, mwalimu wa kwaya, baba yake Scola. Na Scola ndiye aliyemkosesha Telesphory usingizi.

Siku moja Telesphory akamwendea mzee. "Shikamoo mzee. Nitakutengenezea pawasaplai ya kukilisha kinanda, inayokula umeme wowote! Hata ukija unatambaa!"

"Marahaba. Ukiweza, lete wazee wako tuzungumze mengine."

Weee! Jamaa akaivamia transfoma ya hiyo pawasaplai, akaizungushia waya wa shaba wa ziada, ili hata umeme ukiingia kiduchu, kinanda kipate volti zake kamili. Kila akitaka kujaribu, anapaza sauti dirishani: "Bona, choma!" Bona anachoma, taa zinasinzia, kinanda kinaimba. Raha iliyoje!

"Na ukija umeme mwingi?" Scola akauliza. "Si uweke regyuleta iuzuie?"

"Regyuleta ni ya waoga! Kigoma hii, umeme mwingi umeuona wapi?"

Tuseme haki, Kigoma hakuna aliyewahi kuuona.

Jumamosi mchana akaualika mtaa wote kanisani. "Zimeni pasi! Fungeni saluni! Mje mshuhudie!" Watu wakatii. Mashine ya kusaga ikanyamaza. Bonaventura naye akazima mitambo, akaoga, akavaa shati la harusi, akaketi benchi la mbele.

Scola akaweka vidole tayari. Telesphory akachomeka waya kwa madaha ya askofu.

Umeme, kwa kukosa pengine pa kwenda, ukaja wote! Kinanda kikatoa noti moja ndefu, tamu ajabu. Kisha kikatoa moshi.

"Mawee! Kinaungua!" akapiga yowe mama mmoja wa sauti ya kwanza.

"Bona!" Telesphory akalia. "Kimbia ukachome!"

Bonaventura akajitazama shati. "Leo mimi mgeni, kaka."

Mzee Leodgar akachomoa waya, akakipapasa kinanda chake kilichonyong'onyea, kisha akamshika Telesphory bega kwa upole.

"Mwanangu, shida unaziweza, sikatai; neema ndiyo imekushinda. Na sisi Scola tunamwombea neema."