Rilei Mfukoni

Breki zilipiga yowe kutoka upande wa mpakani, kuku wakatawanyika, na Patroba akaweka chini kikombe chake cha chai. Gari lenyewe bado halijaonekana, lakini yeye alikuwa ameshalipenda.

Noah nyeupe ikaingia gerejini kwake, Busia upande wa Uganda. Akashuka Alaso, mwoka keki wa Tororo.

"Fundi, breki inalia. Badilisha tu pedi. Jumamosi nakwenda Nagongera na keki ya harusi."

"Hiyo kazi ndogo, mama. Wacha kwanza niangalie mafuta ya breki."

Sasa, mafuta ya breki hukaa chini ya boneti, na chini ya boneti hukaa pia rilei, kidude cheusi kidogo kuliko kiberiti, kinachopeleka umeme kwenye kompresa ya AC. Patroba alikichomoa kwa upole wa mkunga, akakitia mfukoni.

"Mama, hebu washa AC."

Ikapuliza joto la tanuri.

"Pole. Kompresa imekufa. Keki yako itafika Nagongera ikiwa uji."

Alaso akashika shavu. "Kumbe. Sasa nafanya nini?"

Patroba akapandisha sauti, maana wateja watatu walikuwa kwenye benchi, na rilei za magari yao zilikuwa mfukoni mwake tayari. "Nakufungia kompresa mpya. Hii gari haitoki hapa na joto. Ikikataa baridi, kompresa nanunua mimi kwa mfuko wangu. Hawa ni mashahidi."

Kiapo hicho alikuwa amekila mara kumi na saba bila kuvimbiwa. Kila mara aliifungua kompresa ya mteja, akaiosha kwa petroli, akaipaka rangi ya fedha, akairudisha palepale. Kilichobaki ni rilei kutoka mfukoni, na baridi kurudi kwa heshima zote.

Saa tisa, kompresa ya Alaso nayo ikiwa imeshapakwa rangi, akaichomeka rilei. "Washa, mama."

Joto.

Akabadilisha fyuzi. Joto. Akakagua waya, akaongeza gesi, akaigonga kompresa kwa mpini wa nyundo. Joto, safari hii lenye dharau. Ndipo ikamjia polepole, kama siafu ndani ya suruali: hakuipima ile AC kabla ya kuiharibu. Mwongo hapimi, hutangaza. Kompresa ilikuwa imekufa kwelikweli, na Patroba, kwa mara ya kwanza maishani, alikuwa amesema kweli bila kukusudia.

"Fundi, tulikusikia," alisema mzee Opendi kutoka benchini. "Kama hii mama anatoka na joto, mimi nachukua gari yangu nakwenda."

Wenzake wawili wakainuka nusu.

Watatu wakiondoka bila rilei zao, kufika jioni mji mzima ungejua. Patroba akavuka mpaka mwenyewe hadi duka la vipuri upande wa Kenya, akanunua kompresa mpya, bado iko ndani ya boksi. Akaifunga kwa jasho la halali, jasho ambalo ngozi yake haikulizoea, likamwasha. Akavuta hewa yote kwenye mabomba, akajaza gesi kwa kipimo. Jua lilipoinama, Noah ilipuliza baridi ya mlimani Kapchorwa.

Alaso akalipa pedi za breki. Pedi tu.

Patroba akainama dirishani, akanong'ona. "Mama, ile kompresa ya zamani ilikufa lini?"

"Februari, pale Kwapa. Keki ya ghorofa tatu ilifika na ghorofa moja." Akafunga mkanda. "Mdogo wangu Among alikuja kwako na taa mbovu, akarudi na kompresa mpya. Rangi ikabaki kwa vidole vyake. Kiapo chako pia alikisikia."

"Ungesema tu, tungeelewana."

"Si tumeelewana."

Akawasha gari, akateremsha kioo mpaka chini, akasema kwa sauti ya kufika benchini:

"Fundi, nakuahidi mbele ya hawa wazee. Kila mtu Tororo mwenye kompresa imekufa, nitamleta hapa kwako mimi mwenyewe."