Nani Anaua Net ya Plot?

Jumatatu, 3 Februari 2025

Kompyuta imefika! Shemeji Obonyo ameileta kutoka saiba yake ya Makina, kibanda cha kompyuta na intaneti, ameikumbatia njia nzima kama mtoto mgonjwa. Akatangaza mbele ya mke wangu Akeyo kwamba ni ya kuazima tu. Jumamosi asubuhi nina intavyuu ya video: kampuni fulani inatafuta fundi wa mitandao, na inataka kuona mashine pepe nne, kompyuta zisizo na mwili, zikiongea ndani ya kompyuta moja. Nikipata kazi, kompyuta inabaki hapa. Nikikosa, inarudi Makina, nami naenda nayo kuchapia watu barua. Shemeji alisema hivyo akila samaki wangu.

Kugawa mtandao hakunitishi. Nimepanga Gatina miaka mingi, nimeona landlord akikata chumba kimoja vikawa vinne. Anwani 256 za mtandao, gawa kwa nne, ni 64 kila kipande. Toa mbili ambazo hazipangishwi, zinabaki 62. Nimemaliza kabla maji ya chai hayajachemka.

Lango la mtandao wangu nimelipa namba 10.7.7.1. Nilizaliwa tarehe saba, mwezi wa saba. Nimeibandika juu ya kompyuta kwa herufi nyekundu. Akeyo ameuliza kama ni namba ya kulipia stima.

Jumanne, 4 Februari

Mashine ya kwanza nimeifanya mgawaji: kifaa chochote kikibisha kuomba anwani, inakipa. Programu ikauliza: mashine zifungiwe ndani ya kompyuta, au ziunganishwe moja kwa moja na waya wa net unaopita vyumba vyote vya plot yetu ya kupanga? Zifungiwe! Watu wamenifungia nje maisha yangu yote, na mimi nifungie wengine? Nimeunganisha.

Akeyo akauliza kama majirani hawatasumbuka. Nikamwambia hii ni teknolojia, si mziki.

Jioni kelele plot nzima. Net imepotea! Wi-Fi yetu inasimamiwa na Kiragu, fundi wa simu wa chumba cha chini. Landlady alimpa yeye kazi ya kuvuta waya kila chumba. Kazi yangu! Mimi ndiye nilimwonyesha jinsi ya kubana kichwa cha waya. Leo ananiita injinia wa ndotoni, mbele ya watoto.

Nimefurahi sana. Wacha aumbuke.

Jumatano, 5 Februari

Net bado. Inashika simu hii, inaruka ile. Jirani Trizah anaandikia wazungu mahojiano yao mtandaoni. Amemwambia Kiragu kwamba mteja akimwacha, atahamia kwake na watoto wote watatu, na mdogo bado anakojoa kitandani.

Nikaona nafasi. Nikazima kompyuta yangu, stima isipotee bure, nikashuka. Nikagusa kisanduku cha Wi-Fi cha Kiragu hapa na pale, nikaagiza kila mtu azime simu na kuwasha.

Net ikarudi!

Trizah akasema mikono yangu ina baraka. Kiragu akakuna kichwa. Nikapanda juu kama waziri, nikawasha kompyuta, nikaendelea na mashine zangu.

Chai haijapoa, net imekufa tena. Sasa ni wazi: Kiragu anaiua kwa makusudi ili mimi nisifanye intavyuu. Nimemwandika kwa grupu ya plot. Akajibu kwa neno moja: “Prove.”

Jumatano hiyohiyo, baadaye

Nimezima, nimeshuka, net imerudi. Nimepanda, nimewasha, imekufa. Huyu jamaa ananichungulia! Anajua saa ninayoketi!

Alhamisi, 6 Februari

Landlady, Mama Wamucii, amefika mwenyewe. Kamera yake ya geti haioni kitu. Amesema kesho kuna mkutano uani, na anayeharibu net atakatiwa waya palepale, hata kama ni mtu wa kanisa lake. Kiragu ni mtu wa kanisa lake. Nikauliza kwa upole, akipatikana, nani atachukua kazi ya Wi-Fi. Akasema yule atakayemshika.

Nimejitolea kuchunguza. Sijalala vizuri. Nikishinda nina kazi mbili, na shemeji atakula samaki wake mwenyewe.

Ijumaa, 7 Februari

Wapangaji wote uani, hata wale ambao hutoka gizani tu kwa sababu hawajalipa kodi. Kompyuta nimeiacha inawaka juu, iwe tayari kwa kesho. Nikasimama juu ya karai. Nikaeleza kwamba kila simu inaonyesha namba ya lango lililoipa anwani. Lango la Kiragu linaanza na 192. Tukikuta namba nyingine, kuna mtu ameingiza mgawaji wake kwenye waya wetu, na huyo ndiye adui.

Makofi! Kiragu mwenyewe akasema hapo nimeongea, akaomba namba isomwe kwa sauti.

Nikachukua simu ya Trizah. Nikasoma: kumi, nukta, saba, nukta...

Nikakohoa.

Mama Wamucii akaniambia nimalizie. Nikasema kioo kimechafuka. Trizah akanipa leso. Jua likanipiga shingoni. Ndipo Akeyo, akitaka kunisaidia, akapaza sauti kutoka nyuma kwamba mwisho wake ni saba, nukta, moja, si ni ile umeibandika kwa kompyuta, baba Celine?

Kisha Kiragu akacheka mpaka akaketi chini. Akauliza kama injinia atajikata mwenyewe au asaidiwe.

Koleo la kukatia waya lilikuwa langu.

Jumamosi, 8 Februari

Intavyuu kwa bando ya simu ya Akeyo. Mashine nne zikaongea vizuri! Mama mmoja wa kampuni, mwenye miwani, akauliza ningefanya nini nikikuta mgawaji wa pili kwenye mtandao wa watu. Nikamwambia hilo nimelipitia wiki hii: kulikuwa na jamaa mmoja mjeuri kwenye plot yetu, na nilimfichua mimi mwenyewe hadharani. Akapendezwa sana. Akaomba kuona nimeunganishaje mashine zangu.

Nikamwonyesha.

Akavua miwani. Akauliza yule jamaa anaitwa nani.

Hawatapiga simu.

Jumatatu, 10 Februari

Makina. Nimeketi saiba kwa shemeji, kompyuta nimeipa meza ya kona. Anadhani nimeshindwa. Maskini. Makosa yalikuwa ya namba: mtu hawezi kubandika siku yake ya kuzaliwa halafu ashangae kujulikana. Sasa nimeweka 10.9.4.1, haiko mahali popote. Mashine zote nne zinakimbia, zimeunganishwa moja kwa moja na waya wa saiba. Nafanya mazoezi, kampuni ni nyingi.

Wateja wameanza kulalamika. Net imepotea. Shemeji anazunguka akishika kichwa.

Kuna fundi wa simu hapo mlango wa pili. Ana macho kama ya Kiragu kabisa. Nimemwambia shemeji atulie, mimi nitamshika.

Kwanza nizime kompyuta, stima isipotee bure.