Nimepata Moja Tu

Leo nimejiaibisha hadharani, na bado natembea kifua mbele. Nawaeleza mwenyewe kabla hamjasikia kwa makedi, wale wabeba fimbo za gofu, maana hao watatia chumvi.

Mnajua kazi yangu. Nanunua viazi kule Dundori, nauza hapa sokoni Nakuru. Viazi vyangu ni vizuri (sijisifu, waulizeni walaji), lakini biashara ya soko ni kubahatisha. Leo gunia linaisha asubuhi, kesho viazi vinakaa mpaka vinachipuka. Mke wangu, Mama Wambui, amechoshwa na kubahatisha huko, kwa sababu yeye ndiye mpangaji wa fedha za nyumba. Ana mikebe mitatu ya kahawa juu ya kabati: mmoja wa chakula, mmoja wa karo, mmoja wa biashara. Mkebe hauruhusiwi kukopesha mwenzake. Siku moja nilijaribu kukopa kwenye karo ninunue kofia. Sipendi kulizungumzia jambo hilo.

"Tafuta mteja mmoja mkubwa," aliniambia. "Mtu wa kununua kila juma. Hapo nitajua naweka nini kwa kila mkebe."

Mteja huyo yupo. Ni Mzee Zakaria, mpishi mkuu wa ile hoteli kubwa ya wazungu. Hakuna kiazi kinachoingia jikoni mle bila yeye kukubali. Taabu ni kumpata. Mlangoni kwake wauza viazi wamejaa kila siku, na kila mmoja anasema vyake ndivyo bora. Lakini Jumatatu wazungu hawachezi gofu, kwa hiyo makedi na wapishi huachiwa kiwanja wacheze. Mzee Zakaria hakosi.

Kariuki, rafiki yangu muuza maziwa, ndiye aliyenipa shauri. "Hao wazungu wenyewe biashara zao wanamalizia huko kwa gofu," alisema. "Shamba, ngano, ng'ombe, kila kitu. Wewe enda ucheze na mzee. Lakini sikia vizuri: usimshinde. Mteja akishindwa, hanunui."

Nikamwambia aondoe shaka. Kushindwa nimezoea.

Basi leo Jumatatu asubuhi Mama Wambui akanitolea pesa kutoka mkebe wa biashara. Zilikuwa za lori la kuleta viazi kesho, na juu yake senti za soda. "Soda moja," alisema. "Ya mzee. Wewe utakunywa maji." Nikavaa suti ya kanisani, nikafunga tai, nikaenda.

Niliwakuta wawili: Mzee Zakaria mwenyewe, na kedi mmoja mwenye mvi anayeitwa Arap Chepkwony, ambaye alituazima fimbo na kutuhesabia. Mzee aliniuliza kama nimewahi kucheza. Nikajibu, "Kidogo kidogo." (Sijawahi. Lakini utotoni nilipiga mpira wa matambara kwa rungu nikichunga mbuzi, na hiyo si kitu kidogo.)

Sasa nisikilizeni, mnihurumie. Mimi mchezo ninaoujua ni wa mpira wa miguu. Mwenye mabao mengi ndiye mshindi. Mambo ya gofu sikuuliza, kwa sababu mtu mwenye tai haulizi maswali.

Tukaanza. Nilipiga mpira kama mtu anayelima. Jembe nimeshika tangu nikiwa mdogo, na mkono huu jamani si wa kukodi! Mpira ukaenda mpaka nikauonea huruma. Wa Mzee Zakaria uliingia majanini, akaupiga, ukatoka, ukaingia tena. Tulipomaliza shimo la kwanza Chepkwony akatangaza, "Mzee, saba. Wewe wa tai, tano."

Nikamwendea mzee nikampa mkono kwa heshima, huku nimeinama. "Hongera sana, mzee! Saba! Mimi nimepata tano tu."

Akanitazama, akaokota mpira wake akaenda zake. Nikajiambia huyu ni mtu mnyenyekevu, hapendi sifa.

Shimo la pili mzee akapata nane, mimi nne. Nikampongeza tena, na safari hii nikapiga makofi. "Lakini mzee wewe ni hodari! Mimi sitakufikia hata nikicheza mpaka jioni."

"Wewe ulifundishwa gofu na nani?" akaniuliza, sauti iko chini sana.

"Najaribu tu, mzee. Nyinyi ndio walimu wetu."

Chepkwony akageuka akatazama mlima Menengai. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nikadhani ana homa.

Nikaona mambo yanakwenda vizuri, basi katikati ya mashimo nikaingiza biashara. Nikamweleza mzee kwamba viazi vyangu havivunjiki vikikaangwa. Kwamba nachagua kimoja kimoja kwa mkono wangu. Kwamba udongo wa Dundori hauna mfano. Akasema "mm." Kila nilipompongeza alizidi kubana fimbo, na kila alipobana fimbo mpira wake ulizidi kwenda vibaya, nami nilizidi kumpongeza. Nilikuwa mtu wa furaha sana.

Mashimo yenyewe yako katikati ya mchanga uliomwagiwa mafuta ili upepo usiupeperushe. Hapo mtu anasukuma mpira polepole mpaka uingie. Shimo la sita mzee alifika hapo akasukuma, ukapita pembeni. Akasukuma tena, ukapita ng'ambo. Nami nikasema kwa sauti ya kutia moyo (Mungu anisamehe), "Usiharakishe, mzee! Bado nafasi iko! Ongeza moja ifike kumi!"

Ilifika kumi na moja. Nikarusha kofia juu.

Mzee Zakaria aliiweka fimbo begani akatembea mbele peke yake. Nikamwambia Chepkwony, "Huyu mzee ana nguvu za kufikiri." Chepkwony akasema, "Wewe ni mtu hatari." Nikashukuru.

Tukafika shimo la saba. Ni fupi, ukisimama unaiona bendera yake vizuri, na karibu nayo kuna kibanda ambapo makedi wanapumzika. Walikuwa wengi leo, wanatutazama. Nikajiambia hapa ndipo pa kumpa mteja wangu heshima kamili mbele ya watu wake. Nitapiga ovyo, kisha nitasema nimechoka, aniache mbali kabisa.

Nikapiga bila hata kutazama. Mpira ukaenda upande, ukagonga shina la mti wa blugamu, ko! Ukarudi kiwanjani, ukaanguka kwenye mchanga, ukabingirika taratibu. Ukapotea.

Makedi kibandani wakasimama wote.

"Umeenda wapi?" nikauliza.

"Umeingia," akasema Chepkwony. Hakuwa na homa tena.

Jamani, aibu niliyosikia! Nimepiga mara moja, na mchezo wangu wa shimo hilo umekwisha. Sikupata hata nafasi ya pili. Nikageuka kwa watu wote wale, nikavua kofia, nikasema kwa unyenyekevu, "Poleni. Nimepata moja tu."

Kelele zilizotokea hapo sijawahi kuzisikia. Makedi walitoka kibandani mbio wakipiga mbinja. Wakanibeba juu juu, na suti yangu ya kanisani. Nami nikidhani wananizomea, nikawa nalia huko juu, "Nishusheni! Shimo lingine nitajitahidi! Nitapata hata sita!"

Waliposikia hivyo walicheka mpaka wakaniangusha.

Chepkwony ndiye aliyeniinua. Akanikung'uta mchanga, akanieleza pole pole kama mtoto. "Gofu, mwenye kupiga mara chache ndiye mshindi. Moja ndiyo mwisho. Hata wazungu hapa, wengine wanazeeka hawajapata. Sasa umeelewa?"

Nilielewa. Nilielewa moja, halafu nikaelewa tano na saba, nne na nane, halafu nikaelewa ile kumi na moja. Nikamtafuta Mzee Zakaria kwa macho. Alikuwa amesimama palepale, amekunja mikono, ananitazama. Nilitamani lile shimo liwe kubwa kidogo niingie na mimi.

Na hayo hayakutosha. Kumbe kuna desturi: mtu akipata moja, anawanunulia wote waliopo. Wazungu hununua wiski. Makedi waliniambia wao si watu wa makuu, chai na mandazi vinatosha. Walikuwa wengi, na habari ilipofika jikoni kwa klabu ya gofu wakawa wengi zaidi. Pesa za lori zilinywewa zote mbele ya macho yangu. Lakini sitawadanganya: walipokuwa wakinishika mkono mmoja mmoja, roho yangu ilinawiri. Mzungu gani amepiga hivyo akiwa na suti ya kanisani?

Mwishowe nikajikokota mpaka kwa Mzee Zakaria. "Mzee," nikasema, "nisamehe. Mimi nilidhani unashinda."

Alikunywa chai yake mpaka ikaisha. "Nimenunua viazi kwa watu wengi," akasema. "Wote wanajua hesabu. Ndiyo maana gunia likifika jikoni, chini ni mawe. Lakini wewe, hesabu yako inakwenda kinyumenyume. Wewe ukijaribu kuniibia, utaniongezea." Akasimama. "Leta magunia manne Alhamisi, na kila Alhamisi. Lakini siku ya gofu, ufunge mdomo."

Nilirudi nyumbani sigusi ardhi. Mama Wambui aliposikia habari ya magunia manne alipiga vigelegele. Kisha akanyoosha mkono. "Pesa za lori?"

"Nimewanunulia watu chai," nikasema nimetoa kifua. "Ni desturi. Nilipata moja!"

"Ulipata moja?"

"Moja!"

"Na mzee alipata ngapi?"

"Hapo hakumaliza. Lakini lile shimo la nyuma alipata kumi na moja."

Akaketi. Akanitazama kwa huruma ambayo sijaiona tangu nilipougua malaria. "Pole, Baba Wambui," akasema. "Kumi na moja kwa moja. Na bado ukawalipia chai."

Nimeeleza. Nimeeleza tena, kwa vijiko na viazi mezani. Anasema ndiyo, ndiyo, usijali, huku mkebe wa biashara ni mtupu na hiyo mingine miwili ameifungia kabatini. Mbaya zaidi, ameshawaambia majirani. Sasa hivi mama wa nyumba ya pili ametoka hapa. Ameniletea uji, na ameniambia nisikate tamaa, nitapata nyingi siku nyingine.

Basi nyinyi, kama mnakuja kunipa pole, uji umetosha. Njooni na nauli ya lori.