Jinsi ya Kumzuia Belyse Asiwe Zimamoto

Jumapili, 4 Mei

Daftari, hujambo? Mimi, Mama Belyse wa Rebero, sijambo. Baba watoto, Mugenzi, hajambo, ila mgongo. Bibi Mukunde, mama mkwe wangu, hajambo, anakula vizuri na kulalamika vizuri. Pretty, mwanangu mdogo, hajambo, jino la mbele limeng'oka. Kuku wanne hawajambo. Usinicheke. Nilisoma mpaka darasa la tatu tu, kule Karagwe, na mwalimu alitufundisha kuandika barua, hakutufundisha kuandika siri. Belyse naye hajambo. Shida iko hapo hapo.

Leo baada ya misa ametangaza anataka kuwa zimamoto. Binti yangu wa kwanza! Watu wenye akili, nyumba ikiwaka, wanatoka. Yeye anataka kuingia. Baba yake anasema ni kazi ya heshima. Baba yake huyo huyo, jiko la gesi naliwasha mimi, yeye yuko mlangoni.

Nimeuliza kwa upole wanapimwa nini. Kukimbia, anasema. Kupanda ngazi ndefu. Kubeba mpira wa maji mgongoni, mzito kama mbuzi. Nimetabasamu. Nina mpango.

Jumatatu, 5 Mei

Mpango: nimchoshe. Siku ya mtihani miguu iwe imekwisha, arudi nyumbani, ajifunze cherehani.

Nimesema bomba letu limekauka. Nikamtuma bondeni, madumu mawili ya lita ishirini. Amepanda mlima bila kupumzika. Mimi nyuma yake, asije akaanguka peke yake. Nimehema mimi kuliko yeye.

Alhamisi, 8 Mei

Madumu manne, kwa safari mbili. Na gunia la viazi kutoka sokoni, kichwani, nikamwambia pikipiki zimeadimika. Zilitupita kumi na moja.

Halafu nikampandisha juu ya bati atafute tundu linalovuja. Tundu halipo. Nilishika ngazi kwa mikono miwili, macho nimefumba, nikamaliza rozari nzima.

Jirani yangu Kabagwira ameona yote. Mwanawe Ganza naye ameomba kazi hiyo hiyo. Kabagwira akanipa hongera kwa kumfanyisha Belyse mazoezi. Mazoezi! Nikasema asante.

Ijumaa, 9 Mei

Ganza amepita mara mbili, madumu manne kwa jumla. Kabagwira nyuma yake, na filimbi! Mwizi wa mipango ya watu. Anawaambia majirani Ganza atakuwa wa kwanza, wasichana watabaki kushika ndoo.

Ndoo.

Nimeshindwa kula mchana. Jioni nimempa Belyse mayai mawili. Si kwa ajili ya mtihani. Kwa ajili ya ndoo.

Jumatano, 21 Mei

Mtihani, uwanjani kule Gahanga. Nimekwenda na chapati sita za kumfariji akishindwa.

Wakaanza kukimbia. Ganza mbele, Belyse nyuma yake. Filimbi ya Kabagwira sikioni mwangu. Sijui nini kilinipata. Nikajikuta nimevuka kamba, kiatu kimoja mkononi, nikipiga kelele mpite, mwanangu, mpite! Askari mmoja akaniomba kwa adabu nirudi nyuma. Nikarudi hatua moja. Belyse akampita!

Mpira mgongoni, kama amejitanda kanga. Ngazi sikuitazama. Kabagwira ndiye alinisimulia, amefika katikati, amefika juu, mkono wangu ameushika. Majina yakasomwa hapo hapo. Wamepita wote wawili. Chapati tukala na Kabagwira.

Njiani nikalia, nikaungama kwamba bomba halikukauka.

"Mama, nilijua siku ile ile," Belyse akasema. "Bibi alikuwa anaoga."

Nikamuuliza mbona basi alibeba.

"Ulikuwa unanifuata mlima mzima. Lini tena tungetembea hivyo, mimi na wewe?"

Nikalia upya, mpaka mlangoni.

Jumapili, 8 Juni

Belyse yuko mafunzoni, wiki ya pili. Simu haziruhusiwi. Nimemwambia padri nimetubu, sipangi tena mipango. Nimeandika barua mbili tu.

Moja kwa mkubwa wao. Kifua cha Belyse hakipendi moshi tangu utotoni (si kweli), kwa hiyo apewe kazi ya kupokea simu.

Nyingine kwake, naiweka na hapa nisiisahau:

"Mwanangu, wote tunakusalimu. Bibi anakusalimu mara mbili. Vaa soksi mbili. Ukiona moto, waachie wenye uzoefu. Usipande kitu chochote kirefu. Ila Kabagwira amepata barua, anaisoma kwa sauti nje ya kanisa, kwamba Ganza amepanda mpaka ghorofa ya nne. Kama ni kweli, wewe panda ya tano. Polepole, na ushike kwa mikono miwili. Nijibu upesi, ifike kabla ya misa ya Jumapili."