Lindamoto Asife Kabla ya Jumapili

Gazeti lilifika Tukuyu likiwa limelowa, kama kila kitu kinavyofika Tukuyu mwezi wa Machi. Muddy alilikunjua juu ya benchi la kahawa kwa ncha za vidole, utadhani anamfungua mgonjwa bandeji.

"Wazee," alisema, "aliyesimama akae. Aliyekaa ashike benchi."

Muddy aliuza mitumba, na kijiweni walimwita Spika. Si spika wa bunge. Spika ya redio, ile inayowekwa juu ya mti siku ya mkutano wa hadhara mpaka kuku wanahama.

Kijiwe chenyewe kilikuwa kwenye baraza la lililokuwa duka la ushirika. Soko huria lilipoingia, duka lilifungwa. Ndani wakabaki panya, nje akabaki Mzee Jaffari na birika lake la kahawa. Pembeni yake Lusungu alikuwa na cherehani, na kwa kazi hiyo wakamwita Pindo.

"Mwanaradi amehojiwa," alisema Spika.

Mguu wa Pindo ukasimama kwenye pedali. Mzee Jaffari akaacha kumimina katikati ya kikombe.

Mwanaradi ndiye aliyeandika *Miamba ya Gorombe*, hadithi ya nchi ambayo milima yake hutembea na majoka hunywa mito mpaka samaki hubaki wakihema mchangani. Juzuu sita zilikuwa zimetoka. Pindo alizisoma zote kwa sauti pale barazani, huku akishona, na kuna suruali kadhaa mjini zilikuwa na mguu mmoja mrefu kwa sababu ya vita vya juzuu ya tatu. Ya sita iliishia Lindamoto, mchunga mbuzi aliyegeuka shujaa, akining'inia kwa mkono mmoja juu ya kasoko la mlima wa moto linalotokota. Kisha shirika lililokuwa likichapa vitabu hivyo likafa. Miaka ikapita, mikutano ya vyama vingi ikaja na spika zake juu ya miti, video zikaja, na Lindamoto bado ananing'inia.

"Soma basi, acha mbwembwe!" alisema Kaptula. Huyu ni Andrea, dalali wa ndizi, mtu wa miguu mirefu anayevaa kaptula hata siku ambayo ng'ombe wanatetemeka.

Spika akakohoa. "'Mwandishi huyo mkongwe amesema juzuu ya saba ameshaikamilisha, ila hapati mchapaji.'"

"Siku hizi kila kitu ruksa," alisema Kaptula, "kasoro kitabu kutoka."

"Tulia. 'Alipoulizwa kuhusu Lindamoto, alicheka na kusema, wasomaji wajiandae. Mle kwenye kasoko hatoki mtu.'"

Kisha Mzee Anyitike, bwana shamba mstaafu ambaye hakuwahi kusoma ukurasa hata mmoja ila alisikiliza zote, akapiga paja lake.

"Mwe! Amemuua?"

"Amemuua, mzee."

"Kwa kosa gani?"

"Utunzi."

Wote wakageuka kumtazama Pindo, na hapo ndipo Kaptula alipopasuka kwa kicheko mpaka kahawa ikamtoka puani.

"Pindo! Mwanao Jumapili si anabatizwa? Si ndiye Lindamoto?"

"Amempa mtoto jina la marehemu!" alisema Spika.

"Bado mbichi kabisa! Hata arobaini haijapita!"

"Mtafutie jina jingine," alisema Spika. "Mwite Joka. Joka ana maisha marefu, na chakula chake maji tu."

"Au mwite Kasoko," alisema Kaptula. "Kasoko halifi. Tunalo hapa hapa Rungwe, mwulize bwana shamba."

"Astaghafirullah," alisema Mzee Jaffari, lakini naye mabega yalikuwa yakitikisika.

Pindo hakucheka. Alichomoa sindano kwenye cherehani, akaitazama, akairudisha. Hawa watu walijua kwamba aliwahi kupata mtoto kabla ya huyu. Walikuja msibani wote, Spika akachimba kaburi kwa mikono yake. Walichokuwa hawajui ni kwamba juma lile baada ya maziko, Pindo alipokuwa halali, alikuwa akisoma juzuu ya tano. Mle Lindamoto anachomwa mkuki, anatupwa mtoni, anazikwa akiwa hai, na kila sura ikianza yupo. Mtoto wa pili alipozaliwa, Pindo hakutafuta jina mbali. Mkewe, Elina, alitaka Meshaki, jina la baba yake, na mpaka asubuhi ile walikuwa hawajaelewana.

"Kuna kingine?" aliuliza Pindo.

"Mwisho tu hapa. 'Kwa sasa mwandishi huyo, ambaye jina lake halisi ni Ackson, anajishughulisha na kusafirisha ndizi kutoka Rungwe kwenda Dar es Salaam.'"

Kaptula akaacha kucheka. "Ndizi za wapi?"

"Rungwe."

"Lete picha." Akaisogeza karibu na pua. Ilikuwa imelowa, lakini kofia ya sufu ilionekana, na miwani iliyofungwa uzi. "Gwe! Huyu nilimpakilia lori jana Kawetele! Kanisumbua kutwa nzima, anauliza kila mkungu unaitwaje!"

"Umempakilia vizuri?" aliuliza Mzee Jaffari.

Kaptula akakuna goti. "Nilimchanganyia kidogo. Ile midogo midogo nikaiweka chini."

"Umempunja Mwanaradi!" Spika alipiga ukelele mpaka mtaa mzima ukageuka. "Mtu umemfanyia hivyo, kwa nini asiue?"

"Sikumjua! Na hajafika mbali. Nimesikia asubuhi lori limezama matopeni kule kule, linasubiri watu wa kulisukuma."

Pindo alikuwa ameshafunika cherehani kwa turubai.

Walikwenda wote. Mzee Jaffari alibeba birika, maana hakuwahi kumwacha mteja njiani, na Mzee Anyitike alikata jani la mgomba wa watu njiani akajitwisha kama mwavuli, akidai ni utaalamu.

Lori lilikuwa limeinamia upande mmoja, magurudumu ya nyuma yamezama hadi kwenye ekseli. Mtu mfupi mwenye kofia ya sufu alikuwa amepiga magoti chini yake, anachimba tope kwa sahani ya bati. Dereva alikuwa amelala ndani.

"Ndugu, shikamooni, Mungu awabariki," alisema yule mtu bila kuinuka. "Shikeni hapo nyuma."

"Marahaba," alisema Mzee Anyitike, ndiye pekee aliyemzidi umri. "Ni wewe Mwanaradi?"

Sahani ikasimama. "Nani anauliza?"

"Wasomaji," alisema Spika.

Yule mtu akatoka chini ya lori polepole, tope mpaka kwenye nyusi. Akawatazama mmoja mmoja kama anayehesabu maiti.

"Kumbe mpo?" alisema. "Mimi niliambiwa vitabu vyote vimeliwa na mchwa ghalani."

"Mchwa sisi hapa," alisema Kaptula. "Na hatusukumi."

"Hamsukumi?"

"Mpaka umtoe Lindamoto."

Mwanaradi alidhani utani. Akacheka, akatazama nyuso zao, akaacha. "Jamani, ndizi zitaiva hapa hapa."

"Yeye yuko juu ya moto miaka yote hii hajaiva," alisema Spika. "Ndizi zisubiri."

"Na mimi nina neno," alisema Mzee Anyitike. "Kile kitabu chako cha nne sikukipenda. Joka liliongea mno. Joka la kweli haliongei hivyo."

"Umeliona wapi, mzee?"

"Wewe umeliona wapi?"

Mzee Jaffari akampa Mwanaradi kikombe, naye akakipokea kwa mikono miwili, akanywa, na mvuke wa kahawa ukaifunika miwani yake.

"Sikilizeni," alisema. "Nimeshaandika. Sura ya kwanza tu, mkono unateleza, anaanguka. Nilikuwa nimechoka naye. Shirika limekufa, mke wangu anauliza tutakula hadithi, na yule kijana kila nikimtupa anarudi. Nikasema basi, angalau mimi nimalize kitu kimoja."

"Haki yako," alisema Pindo.

Wenzake wakamgeukia.

"Ni wa kwako, umemtunga," aliendelea Pindo. "Ila mimi nimempa mwanangu jina lake. Nilikuwa na mtoto kabla ya huyu, hakumaliza miezi minne. Homa ya siku mbili. Nikasema huyu wa pili nimpe jina la mtu anayerudi." Alipangusa uso, na mvua ikampa kisingizio. "Najua ni upuuzi. Lakini nilikuwa nakuomba uchelewe kidogo. Ukimuua mwakani mimi sina neno. Leo tu, kabla hajabatizwa, usiseme kwamba amekufa."

Spika, ambaye hata kanisani husikika akiwa nje, akamshika Pindo bega. Kaptula alitazama vidole vyake vya miguu matopeni.

"Kumbe ndiyo maana?"

Sauti ilitoka nyuma yao. Elina alikuwa amesimama kwenye ukingo wa shamba, jembe mkononi, mtoto mgongoni chini ya khanga na kipande cha nailoni. Nyumba yao haikuwa mbali, na kelele za Spika zilikuwa zimemtoa shambani.

"Mama Linda..." alianza Pindo.

"Miezi mitano nakuuliza kwa nini jina hili, unaniambia ni zuri tu. Nikajua umerogwa na vitabu. Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza kama nimelewa."

"Ungesema hapana, halafu ungeendelea!"

"Shemeji ana hoja," alinong'ona Kaptula.

Elina akapita katikati yao, akasimama mbele ya Mwanaradi. Alimzidi kimo. Alipiga goti kidogo, kwa heshima, maana mgeni ni mgeni hata akiwa muuaji.

"Ugonile, baba," alimsalimu kwa lugha ya kwao. "Ndiwe unayemwandika huyo mtu?"

"Ndiyo, mama."

"Na unataka afe."

"Nilikuwa nataka. Sasa ninaweza kubadilisha, kama mnaona..."

"Usibadilishe kwa ajili yangu. Muue wa kwako ukitaka. Umemlea, umechoka naye, mimi nitakuambia nini? Lakini huyu wa mgongoni sikumzaa kwa kalamu yako. Huyu ana dozi zake zote za kliniki, ananyonya kama ndama, na usiku anapiga kelele majirani wanagonga ukuta. Hamngojei mtu wa kitabu amruhusu kuishi."

Mwanaradi akavua kofia. "Kweli, mama."

"Kwa hiyo jina libadilike?" Pindo aliuliza chinichini. "Tumwite Meshaki?"

Mtoto alijinyoosha mgongoni, akatoa ngumi moja nje ya khanga.

"Nani kasema libadilike?" alijibu Elina. "Meshaki atakuja mwingine. Huyu ni Lindamoto, ulimpa ukiwa na akili zako, kumbe. Sasa sukumeni gari la watu. Mmesimama kama mmepandwa."

Wakasukuma. Dereva aliamka, akapiga gia, na gurudumu likawarushia tope wote kwa usawa kabisa. Kaptula alisukuma kuliko yeyote. Kabla ya hapo alikuwa amemvuta Mwanaradi pembeni, akamnong'oneza kuhusu ile mikungu midogo, na kama fidia akaenda kukata mikungu mingine minene shambani kwa shangazi yake hapo jirani, akaipakia lorini. Lori lilipochomoka, Mwanaradi alitoa kichwa dirishani.

"Nitafikiria!" alipaza sauti.

"Fikiria na yule malkia wa Gorombe!" Spika alimjibu. "Aolewe sasa, amekuwa mzee!"

"Na joka lipunguze maneno!" alisema Mzee Anyitike.

"Na pale sokoni Gorombe," alisema Mzee Jaffari, kwa sauti ya mtu ambaye neno hilo alikuwa nalo miaka mingi, "mbona hakuna hata mmoja anayeuza kahawa?"

Lori likapinda kona likapotea kwenye ukungu. Pindo alisimama pale akihema, tope kifuani, na kwa mara ya kwanza tangu mtoto azaliwe alijisikia mwepesi, ingawa hakuna aliyemwahidi kitu. Elina akamkabidhi jembe. Akamshusha mtoto mgongoni, akampa huyo pia, palepale kwenye mvua, na Pindo akampokea ndani ya koti.

Jumapili kanisa lilijaa. Kaptula alikuwa baba wa ubatizo. Spika na Mzee Jaffari, ambao hiyo haikuwa dini yao, walikaa benchi la mwisho karibu na mlango, wamevaa kofia safi, Spika ameapishwa asiseme kitu.

Padre alikuwa mgeni, mzee mwenye utaratibu wake. Akachota maji.

"Mtoto anaitwa nani?"

"Lindamoto," alisema Elina, kabla mumewe hajavuta pumzi.

Mkono wa padre ukabaki hewani. "Hilo ni jina la mtakatifu gani?"

Pindo akamtazama mkewe. Mkewe akamtazama Kaptula. Kaptula akatazama dari.

"Huyo bado hajawa mtakatifu, Padre," ikavuma sauti kutoka benchi la mwisho, ikagonga ukuta wa mbele na kurudi. "Utakatifu si mpaka mtu afe? Basi huyo amegoma."

Elina akaangua kicheko mle mle kanisani, cha kwanza kikubwa namna ile tangu msiba. Padre alishindwa kujizuia, mkono ukamtikisika, maji yakamwagika yote kwa mpigo, na Lindamoto akapiga yowe ambalo lilimfanya hata Spika azibe masikio.