Vigingi Vyenu Vimehama, Si Mimi

Bwana Mkubwa wa Vipimo vya Ardhi,

Pokea heshima zangu kutoka mteremko huu wa juu ya mto Naviundu. Mimi Ngosa, mume na baba, namshitaki kwako mpimaji wako, Bwana Lévi.

1. Mvua zilipoanza, alipanda vigingi vya chuma katika parseli yangu, kiwanja changu hiki, eti apime kama udongo unasogea. Hapa Lubumbashi mtu akikupandia kigingi, ujue kiwanja kimeshauzwa. Kwa hiyo mke wangu Sephora alimfukuza kwa mwiko wa bukari, ugali wetu wa huku. Kwa hilo hatuombi msamaha.

2. Sasa amerudi na chombo chake cha miguu mitatu, anasema vigingi vimeshuka na tuhame kabla mlima haujaanguka. Udongo huu nimezaliwa juu yake. Hata mji wa Kipushi, hapo jirani, haujawahi kufika. Kama kigingi kimetembea, kipigwe faini chenyewe.

3. Lakini mimi si mbishi. Kigingi cha kona sasa kiko chini ya mparachichi wa jirani yangu Jeannot. Mpaka ni kigingi. Basi mparachichi ni wangu, na choo chake pia. Jeannot ananiambia, "Weye Ngosa, uko na akili kweli? Parcelle haina na miguu." Namwomba Bwana Lévi aje anitolee ushahidi.

4. Kwa mwendo huu nitafika mtoni, kisha ng'ambo, kwenye lami na umeme. Naomba hati ya huko mapema, na daraja la kuvushia nyumba. Kwa nini nihamishwe, na mimi tayari niko safarini?

Tena nihamie wapi? Kwa mama mkwe? Kwa mila zetu, mkwe mwanamume halazi kichwa chini ya paa lile. Matofali ya nyumba hii nimeyachoma mwenyewe. Naipenda, na sina nyingine.

Basi, vigingi ving'olewe, udongo usiendelee kufundishwa tabia mbaya. Nisalimie mama wa nyumbani, ofisi nzima, na Bwana Lévi, ingawa hastahili.

Mwenye kiwanja kilichozidi hati,
Ngosa

N.B. Anayekuletea barua hii ni Sephora. Tangu asubuhi mlango umekaza, haufunguki, na ukuta unalia. Yeye na watoto wametokea dirishani, usiwaruhusu kurudi. Mimi dirisha limenikataa kwa sababu ya tumbo. Bwana Lévi aje upesi, chombo akiache, alete shoka. Naogopa.